Sifa za Muhuri

Wiki ile niliyokuwa nikiutafuta, muhuri wa mtaa wetu ulihudhuria misiba mitatu, harusi moja na fainali ya ndondo. Kote huko ulikaa ndani ya mfuko wa shati la Mwenyekiti, upande wa kushoto, jirani na moyo. Nami nilikuwa nyuma yake kama mtu anayeifukuza mvua: kila nikifika naambiwa imeshapita. Kwenye msiba wa pili niliambulia sahani ya wali, nikatoa rambirambi ya shilingi elfu mbili kwa marehemu nisiyemjua, kisha nikauliza kwa sauti ya majonzi kama Mwenyekiti bado yupo. Mzee aliyekuwa akinawa mikono akanijibu, "Ameondoka sasa hivi na bodaboda. Ila usihofu, muhuri anao."

Watu wa pwani tumeusifu mnazi kuanzia mzizi hadi kuti. Tumesifu majahazi, tumesifu pepo za kusi, tumesifu hata wake za watu. Muhuri, unaotufanyia kazi kubwa kuliko hao wote, hugongeshwa kichwa mezani mchana kutwa bila kuambiwa hata pole. Naona ni deni, na leo nimekuja kulilipa.

Kwa umbo ni kitu kidogo tu. Ni duara lenye kishikio cha mbao kilichong'arishwa na viganja vya wenyeviti waliopita. Wino wake ni wa zambarau, rangi ya wafalme. Hulala ndani ya kopo lililowahi kuwa la mafuta ya kupaka. Herufi ya kwanza ya neno "mtaa" imelika, kwa hiyo ukiusoma vizuri unajisomea SERIKALI YA TAA, na hii katika mtaa ambao tangu uumbwe haujawahi kuona taa ya barabarani hata moja. Huo si uongo; huo naona ni unabii.

Fadhila zake ndogondogo nitazipitia kwa haraka. Unatutembeza, na daktari alishanihimiza nitembee. Unajenga ujirani, maana bila ya kuutafuta nisingejua kuwa nyuma ya kisima kuna fundi cherehani. Hautumii umeme, hivyo haukatiki. Na unafundisha subira, somo ambalo shuleni tuliliruka.

Fadhila yake kuu ni moja, nayo ni kwamba muhuri unatufahamu.

Nilianza kuutafuta kwa sababu benki moja niliyoiwekea akiba kwa miaka 19 ilitaka kuhuisha taarifa zangu. Nilikwenda na kitambulisho cha Taifa, chenye picha yangu na namba ya tarakimu 20. Laini yangu ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu mwenyewe. Nilikuwa pia na kadi ya bima, stakabadhi za maji na uso wangu. Binti wa dirishani alivitazama vyote kwa huruma, uso ukiwa wa mwisho, akauliza, "Sasa baba, tutajuaje kama unakaa huko?" Nikamwambia aje kesho asubuhi nimpikie chai. Akasema utaratibu haumruhusu kunywa chai. Unamruhusu kupokea barua ya serikali ya mtaa, yenye picha, na muhuri juu ya picha.

Njiani nikaanza kujitilia shaka. Ni kweli ninakaa pale? Nyumba nimeijenga mwenyewe, lakini hata ndege hujenga kiota kisha akahama. Mke wangu angeweza kunishuhudia, ila naye hana muhuri. Jogoo wa jirani huniamsha kila alfajiri saa kumi na nusu. Shahidi mzuri, lakini hajui kuandika. Kitambulisho chenyewe cha Taifa sikukipata hadi fomu yangu ilipogongwa muhuri wa mtaa, kwa hiyo kadi ile ya plastiki ni mtoto tu, na mtoto hawezi kumdhamini mzazi wake. Nilipofika kwangu nilibisha hodi kwanza.

Usifikiri basi kwamba muhuri huendewa moja kwa moja, kama genge la nyanya. Unapitia kwanza kwa mjumbe wa nyumba kumi, naye akuandikie kikaratasi cha kwenda kwa Mwenyekiti. Mjumbe ni mtu wa chama. Mashina ya nyumba kumi yaliasisiwa na TANU katika miaka ya 1960, siku ambazo chama na serikali vilikuwa vinaelekea kuvaa shati moja. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa na shati likachanwa katikati, lakini inaelekea mjumbe wetu hakuletewa taarifa. Mimi sina kadi ya chama chochote, na bado ili serikali ikubali kwamba naishi, chama kilipaswa kukubali kwanza. Kikaratasi nilipewa, kimechanwa kwenye daftari la mtoto, upande wa pili kuna hesabu za kugawanya. Zote alikosa.

Baada ya mjumbe unakwenda ofisini. Mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri, alikuwa semina. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na tangazo la chanjo iliyokwisha kitambo, na nafasi nyeupe yenye kichwa "Mapato na Matumizi". Weupe wake ulivutia macho.

Nilikusudia kuendelea kusifu kwa mpangilio huu hadi mwisho. Lakini kuna jambo linanikwama kooni.

Mwaka jana kijana wa nyumba ya jirani alikamatwa kwa ugomvi wa kijiweni, ugomvi wa maneno mengi na kofi moja. Polisi walikubali dhamana: walete wadhamini wawili, kila mmoja na barua ya serikali ya mtaa. Ilikuwa Ijumaa mchana. Wadhamini walipatikana ndani ya dakika kumi. Mmoja alikuja na sabuni bado iko kidevuni. Muhuri ulikuwa umesafiri kwenda harusini Morogoro. Simu ya Mwenyekiti haikupatikana. Mama wa yule kijana alikaa kwenye ngazi za ofisi Ijumaa hadi giza, akarudi Jumamosi, akarudi Jumapili baada ya kanisa, akiwa na chakula kwenye hotpoti kinachopoa. Kijana akalala mahabusu siku tatu kwa sababu kipande cha mpira kilichochongwa kilikuwa kinacheza muziki. Hapo hakuna utani. Nchi nzima ya sheria, katiba na mahakama ilisimama pale ngazini, ikingojea basi la kutoka Morogoro.

Na mfereji je? Ukingo wa mfereji wetu ulianguka masika ya mwaka juzi, na tangu hapo kila mvua ikinyesha maji huingia nyumba saba bila kubisha hodi. Tuliandika barua. Mwenyekiti akaigonga muhuri, akasema ipelekwe kwa Mtendaji wa Kata. Kata wakaigonga, wakasema diwani atalisemea. Diwani akalisemea. Kisha tukaelezwa kuwa tangu 2017 barabara za mitaa na mifereji yake ni kazi ya TARURA, tukaenda huko, barua ikapokelewa vizuri na ikagongwa. Sasa barua ya mfereji ina mihuri mitatu, na mfereji hauna hata jiwe jipya moja.

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, ulipokuja mpango wa Madaraka Mikoani, zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Ibara ya 146 ya Katiba inasema zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Naamini kabisa kwamba madaraka yalitumwa. Nadhani tu safari ilikuwa ndefu, kila kituo yakapunguzwa kidogo, na yalipofika kwetu mtaani yalikuwa yanaenea ndani ya kopo la mafuta ya kupaka.

Maana tuseme ukweli, Mwenyekiti amepewa nini kingine? Mshahara hana. Posho huja kama mvua ya Dodoma. Hana fungu la kununua hata mfuko wa saruji. Tumemchagua kwa miaka mitano, tukampa mtaa wenye watu maelfu, takataka, wezi wa kuku na kesi za mipaka, na chombo cha kazi tukampa kimoja: muhuri. Mtu mwenye nyundo tu hugongelea kila kitu. Ndiyo maana barua ya utambulisho ni shilingi elfu tano, "ya karatasi na wino", bila risiti. Kwa bei ile nadhani wino unatoka Uajemi. Ndiyo maana ukiuza kiwanja kuna asilimia kumi "ya ofisi", ambayo kifungu chake kila nikikiulizia naambiwa ni utaratibu. Huu utaratibu sijawahi kukutana nao uso kwa uso. Nao pengine hauna barua ya utambulisho.

Siku ya sita niliukamata. Jioni, barazani kwa Mwenyekiti, akiwa na kanga ya mkewe begani na redio sikioni. Ni mtu mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, na heshima anayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwenyekiti. Nimekutafuta mno."

"Pole mzee wangu. Misiba. Unatokea wapi?"

"Hapo nyuma ya kisima. Nyumba ya tatu."

"Hapahapa mtaani?"

"Mwaka wa 23 huu."

Akaizima redio. "Mbona sijawahi kukuona mkutanoni?"

Nikasema huwa sipati taarifa. Akanitazama bila hasira. Akasema mkutano wa mfereji ameuitisha mara tatu. Mara tatu akidi haikutimia. Walikuja kina mama tisa na kijana wa karanga, naye alikuja kuuza. "Nilikodi bajaji yenye spika kwa hela yangu," akasema. "Ilipita kila kichochoro."

Ilipita, naikumbuka. Nilikuwa natazama mpira, nikainuka nikafunga dirisha.

Nikajitetea moyoni. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Jumatano, 27 Novemba 2024, na serikali ikaifanya siku ya mapumziko. Mimi nilipumzika. Wagombea wengi wa upinzani walikuwa wameenguliwa kabla ya kura, na hesabu zilipotoka chama tawala kilikuwa kimechukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchi nzima. Sasa kura yangu ingefanya nini, kuongeza desimali? Ni utetezi mzuri, na kijiweni nimeupigia makofi mara nyingi. Lakini ulivyo mzuri hivyo, haukufika kwenye baraza ile, kwa sababu hata kujiandikisha katika zile siku kumi za Oktoba sikwenda. Waliomkata mgombea wangu wana lawama yao, na ni kubwa. Ila mimi sikuwa na mgombea. Nilikuwa na dirisha.

Mwenyekiti akachukua karatasi, akaandika kwa mwandiko wa mtu aliyeandika barua hiyohiyo mara elfu. Alipofika katikati akainua kalamu.

"Jina nani vile, mzee?"

Nikamtajia. Akaandika, kisha akaendelea, akisoma kwa sauti ya chini: "...ni mkazi wa mtaa wangu, na ninamfahamu vizuri." Akafungua kopo, akaupuliza muhuri pumzi ya joto, akaugonga juu ya picha yangu. Nusu ya duara ikaangukia karatasi, nusu shavuni. Picha zangu zote rasmi ziko hivyo, nina jeraha la zambarau upande wa kulia kama mtu aliyepigwa na kiongozi wake. Nikatoa elfu tano. Akaongeza kwamba mkutano wa mfereji utakuwa Jumamosi, saa nne. Nikasema inshallah, kwa ile sauti ambayo sote tunaijua maana yake.

Kesho yake benki binti akaipokea barua kwa mikono miwili, uso ukamchanua. Sasa nilikuwa nakaa mahali. Akanipa fomu ya kumalizia. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kata, mtaa. Mstari wa mwisho uliandikwa: Jina la Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Kalamu ikasimama hewani. Miaka 23 tumemwita Mwenyekiti, na kabla yake alikuwapo Mwenyekiti mwingine. Nikaitazama barua ili nikope jina humo. Sahihi yake ilikuwa kama mwiba wa samaki. Muhuri nao una cheo tu, jina hauna, na hata hicho cheo kimekosa herufi.

"Baba, kuna tatizo?" binti akauliza.

Nikasema hakuna. Nikaandika "Mwenyekiti", kwa herufi kubwa, na pembeni yake nikaongeza, "ninamfahamu vizuri". Binti akasoma, akatikisa kichwa kuridhika, akavuta droo na kutoa muhuri wake.