Muulize Shangazi Hamumunyi

*Shikamoo Shangazi. Nyumbani kwetu Moshi hakuna anayekaa kitako. Mimi nakimbia kilomita 10 kila alfajiri, mama watoto ana baiskeli, na watoto watatu hawashikiki. Tunataka mbwa wa kazi ambaye mtaa mzima hauna. Nimebakiza wawili: azawakh wa Sahel na basenji wa Kongo. Nimchukue yupi?*
Baba Neema

Marahaba, mwanangu. Umeniletea askari na wakili, unataka nikuchagulie mkwe.

Askari ni azawakh, mbwa wa Watuareg wa Mali, Niger na Burkina Faso. Dume hufika sentimita 74 mabegani, na wembamba wake utawafanya majirani wakuchangie unga wa uji. Mbavu zinahesabika hata akishiba. Kazi yake ni kukimbiza sungura na swala, na usiku kulinda kambi na mifugo. Kwake yeye, watu wa nyumbani ni watu, waliobaki ni washukiwa. Mchungaji akija kuombea nyumba, itabidi mbwa afungiwe kabla ya sala ya kufungua. Tena hana manyoya ya maana. Manyunyu ya Julai yakianza, utatoka kukimbia peke yako. Yeye atakuaga kutoka kwenye kochi.

Wakili ni basenji: sentimita 43, kilo kama 11, mkia umejikunja, uso una makunyanzi ya mtu anayesoma mkataba. Habweki. Usifurahi mapema: koo lake limeumbwa kivyake, basi hutoa sauti kama ya mtu anayejifunza kupiga vigelegele. Kwa kuwa habweki, wawindaji wa msitu wa Kongo humvika kengele ya mbao wapate kujua yuko wapi anaposwaga wanyama kuelekea nyavuni. Hujilamba kama paka, na uzio kwake ni ngazi. Ukimwita atasikia vizuri kabisa, kisha atalitafakari ombi lako. Ukimnunua, dai cheti cha kipimo cha vinasaba cha Fanconi, ugonjwa wa figo unaousumbua ukoo wao. Muuzaji akianza kuapa badala ya kuonyesha cheti, muage.

Kuku mnao? Wote wawili hufukuza chochote kinachokimbia.

Ila umenieleza alfajiri tu. Saa nane mchana, watoto wako shule na nyinyi mko kazini, nani yuko na mbwa? Mbwa wa kazi ukimnyima kazi hujiajiri, na ajira ya kwanza huwa godoro lako.

*Shangazi, nimeona barua ya mume wangu. Hizo kilomita 10 alizikimbia mara ya mwisho Neema akiwa tumboni. Baiskeli yangu tunaanikia nguo. Watoto hawashikiki kweli, wakigombea rimoti. Nifanyeje?*
Mama Neema

Usigombane naye. Mnunulie kamba ya mbwa, kamba tu. Kwa wiki sita, kila siku saa kumi na moja alfajiri, aishike atoke, atembee saa nzima, mvua inyeshe isinyeshe. Majirani watamcheka, watazoea. Akimaliza wiki zote, basenji ni wake, na ukuta mrefu juu yake. Akishindwa siku ya tatu, umeokoa nauli ya ndege ya mbwa.

*Shangazi, mimi ni Simba, mbwa koko. Nyumba hii nimeilinda miaka sita kwa ukoko wa ugali. Cheti sina. Nasikia naletewa bosi.*
Simba, nyuma ya jiko

Pole, mwanangu. Nikunong'oneze: jina basenji lina undugu na neno letu washenzi. Ni mbwa wa watu wa porini, yaani wa kijijini kama wewe. Mwaka 1937 alipoonyeshwa London, kwenye maonyesho ya Crufts, watu walisongamana kumtazama. Kabla ya hapo hakuna aliyemwita adimu. Alikuwa mbwa wa nyumba fulani, anafanya kazi yake. Wewe umepungukiwa nauli tu.

Sasa sikiliza. Kesho saa kumi na moja alfajiri utamwona Baba Neema getini, anatetemeka, kamba tupu mkononi, anaona aibu kuanza. Mpitie karibu. Shingo unayo.