Tundu la Msumari

Ukihama ploti pale Wote au Kwa Vonza, Kenya, mwenye nyumba hugeuka fundi, mhasibu na hakimu asubuhi moja. Mfereji umeliwa na maji ya chumvi ya kisima chake, lakini mlaji ni wewe. Tundu la msumari ulilolikuta ukutani linakatwa kwenye dipoziti. Wapangaji wanne wameshalilipia na bado halijazibwa. Risiti ya fundi usiulize. (Kweli, wapo pia wanaohama usiku na balbu, kufuli, hata mlango.) Ila itaje Mahakama ya Madai Madogo, ile ya sheria ya 2016 inayosikiliza madai hadi shilingi milioni moja, uone mzee atakavyokumbuka ghafla kwamba tundu lile alilitoboa mwenyewe, akitundika kalenda.