Barua ya Wazi kwa Mwenye Tochi

Mheshimiwa Afande,

Natumaini kile kivuli chako karibu na kibao cha 50 bado kina ubaridi.

Mimi ndiye mwenye pikapu ya ndizi, yule uliyempiga tochi akiwa kwenye 54. Elfu thelathini nililipa. Sheria ni sheria. Ila ulipokuwa ukiniandikia, basi la Dar lililipita lori kwenye mstari usiokatika, konda akakupungia mkono. Nyuma yake ikaja V8, ikavuma mpaka mikungu yangu ikatikisika. Hiyo uliipigia saluti. Nilidhani tochi inapima mwendo, kumbe inaanza kwa kusoma namba za gari.

Sasa Afande, kwa kuwa mashindano yapo, naomba tuyahalalishe. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ya kwetu haina hata bendera. Basi ipeperushwe pale Himo Njia Panda, ngwe ya mwisho kuingia Moshi. Konda awe msoma ramani: "Kona kushoto, mama na mkungu, trafiki mbele, punguza, tumempita, kanyaga!" Abiria aliyesali kwa sauti tangu Same apewe medali; aliyetapika, medali mbili. Mshindi apandishwe jukwaani Mnara wa Saa, amwagiwe mbege kwa kata mbele ya wazee. Na wewe uwe msimamizi wa mbio, maana kazi umeshaizoea: huyu adhabu, yule saluti.

Kuna kanuni moja tu ya rali itakayotusumbua: anayeingia kituo cha muda kabla ya dakika yake huadhibiwa. Huku kwetu, anayewahi ndiye anayejaza abiria kesho.

Mengine ni madogo. Vibao vya 50 vitolewe kwenye migomba. Bodaboda waelezwe kwamba helmeti huvaliwa kichwani, si kwenye kiwiko. Tochi ziwe na chaji hata basi linapopita.

Juni 2025, Sabasaba wilayani Same, basi na Koasta viligongana vikateketea. Sisemi yalikuwa mashindano. Nasema tumechoka kuchimba makaburi kwenye vihamba vyetu, halafu Jumatatu Noah ya Marangu inatupita konani, wanne kwenye siti ya watatu, na aliyelipwa kuizuia anahangaika na pikapu ya ndizi. Ukali wenu hudumu wiki mbili baada ya kila msiba. Wiki mbili! Hata matanga ya jirani hukumbukwa zaidi ya hapo.

Nisamehe, Afande. Nilikuwa naomba.

Desemba inakaribia, na kama kawaida watoto wetu watapanda kuja nyumbani kuhesabiwa. Ombi la mwisho, nalo halihitaji bajeti: idadi itakayoondoka Dar ndiyo ifike mlimani.

Wako mtiifu, kwa mwendo wa 49,

Mwenye pikapu ya ndizi,
Kibosho.