Ngeli za Madereva wa Nürburgring: Pendekezo la Awali

Watafiti waliotutangulia, yaani vijana wanaosimama nje ya uzio na kamera zao, huwaainisha madereva wa Nordschleife, mzunguko mrefu wa Nürburgring, kwa kuangalia gari: Porsche huku, BMW kule, wengineo kapuni. Mbinu hiyo ina dosari kubwa. Mwaka 2005, katika kipindi cha televisheni cha Top Gear, dereva wa mbio Sabine Schmitz aliuzunguka uwanja huo kwa dakika 10 na sekunde 8 akiwa na Ford Transit, gari la kubebea mizigo, na njiani akayapita magari ya michezo. Uainishaji wowote unaoliweka Transit lile chini ya Porsche iliyolala kwenye nyasi hauna budi kutupwa.

Uwanja wenyewe uko Ujerumani. Ulifunguliwa 1927, mzunguko wake ni kilomita 20.8, na siku za umma mwenye leseni na gari halali hulipa, kizuizi kikainuka, akaingia. Kisheria hapo ni barabara ya kulipia: ni marufuku kumpita mtu kwa kulia. Kwa kuwa gari lolote halali huingia, tunapendekeza kuainisha kwa mwenendo, si kwa gari.

Ngeli ya kwanza ni Wanunuzi. Gari jipya, glavu mpya, hotuba ndefu kuhusu nguvu za farasi. Hatutakaa nao sana. Wao wenyewe hawakai sana barabarani.

Ngeli ya pili, Mahafidhi, ndiyo tamu kwa mtafiti. Hawa wamezikariri kona zote kwenye michezo ya kompyuta na huzitaja kwa majina. Tatizo ni kwamba sebuleni hakuna mteremko. Mteremko wa Fuchsröhre humshusha Hafidhi mpaka tumbo limpande kooni, na kabla hajamaliza kushangaa, kona ya Adenauer Forst imeshamtokea: kushoto, kulia. Hapo ngeli hugawanyika matawi mawili. Kuna anayenyoosha mpaka nyasini, na kuna anayeachia mafuta katikati ya kona. Huyu wa pili akiwa ndani ya Porsche 911, ambayo injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, uzito hukimbilia mbele, tairi za nyuma hukosa mshiko, na injini hutaka kutangulia. Reli za chuma za pembeni hazina desturi ya kusogea, na anayezikunja huletewa bili.

Tatu, Wachemshaji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka. Yakipata joto la kona nyingi huchemka, mvuke ukaingia kwenye mabomba, na pedali ikazama hadi sakafuni. Utawatambua maegeshoni kwa harufu ya pedi zilizoungua, na kwa kusisitiza kwamba hiyo ni kawaida.

Nne ni Wenyeji: gari dogo la zamani, rangi imepauka, viti vya nyuma vimeng'olewa. Ukimwuliza Mwenyeji gari lake lina nguvu kiasi gani, atakuuliza tairi zako zina upepo kiasi gani.

Wapo wanaodai ngeli ya tano, ya abiria. Sisi tunawahesabu kama waathirika.

Kipimo cha kuzitenganisha ngeli hizi ni kimoja: gari la kasi likionekana kiooni, Mwenyeji hubana kulia, akawasha indiketa ya kulia, likapita. Mnunuzi huongeza mafuta. Basi msomaji, ukipata nafasi ya kwenda, badilisha mafuta ya breki kwanza, kisha hakikisha indiketa hiyo inawaka.