Dokta wa Vyuo Viwili

Kaliua ni mji ulioizoea njia panda. Reli inayotoka Tabora ikifika hapo hugawanyika: moja inashika magharibi kwenda Kigoma, nyingine inakata kusini hadi Mpanda, na abiria wa Mpanda aliyekosea behewa kisha akapitiwa na usingizi ataamkia Uvinza na kuambiwa kwamba Mpanda aliipa kisogo tangu usiku. Ungetegemea mji wa namna hii usibabaike mtoto wake anapochaguliwa na vyuo viwili kusomea udaktari. Hubabaika. Nyumba ambayo mwezi uliopita ilikuwa inafunga na kusali ipate chuo kimoja, leo inalalamika kwamba imepewa viwili, Muhimbili ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza, kana kwamba aliyeleta baraka amefanya uzembe katika kuhesabu. Kijana mwenyewe, aliyemaliza PCB juzi tu, keshaanza kuitwa dokta, na jirani mmoja keshamletea goti. Kikao cha ukoo kinaitishwa, na mwenye sauti kubwa kuliko wote ni jina la chuo. Hoja yangu ni kwamba jina ndilo shahidi dhaifu kuliko wote katika kesi hii. Kati ya vyuo viwili ambavyo Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, imeviidhinisha, waachiwe ada na wodi ndio waamue, tena waamue jioni moja, kwa sababu hatari iliyopo si kuchagua vibaya. Hatari ni kuchelewa kuchagua.

Jina la Dar es Salaam lina nguvu huku kwa sababu ambayo haihusiani na tiba hata kidogo. Katika karne ya 19 kijana wa Kinyamwezi ambaye hajabeba mzigo hadi pwani alihesabiwa mtoto, awe na ndevu kiasi gani. Haikuwa matembezi. Burton na Speke waliiacha pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, mwezi Novemba, nao hawakuwa wanabeba kitu kizito kuliko daftari. Mpagazi alipofika pwani na pembe begani, kisha akarudi na vitambaa na maneno mapya, hapo ndipo wazee walipompa nafasi ya kusema barazani. Misafara imekwisha, heshima ya pwani imebaki, na mjomba anaposema kikaoni kwamba mwanaume anakwenda Dar, anayesema ni babu wa babu yake. Mjomba ana hoja nyingine asiyoijua, nami naitaja kwa haki tu. Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi aliyefariki 1897, alipata mali yake kwa kuandaa misafara ya kuja bara, akatoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, na mpaka leo Muhimbili ina jengo la wodi linaloitwa Sewahaji. Kwa maana hiyo mabega ya Wanyamwezi yalishailipia Muhimbili zamani. Tatizo ni kwamba dirisha la ada halipokei mabega ya 1890.

Tukiweka pwani pembeni, tuangalie kinachofanana. Shahada ni ileile ya udaktari wa binadamu, miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, ambako wahitimu wa vyuo vyote huchanganywa na kukoseshwa usingizi kwa usawa. Anayewasajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na daftari lake halina ukurasa wa walala-Upanga wa Muhimbili na mwingine wa walala-kilimani wa Bugando. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari 1963; Bugando ilianza 2003. Miaka arobaini si michache, lakini anayefundishwa mwaka huu hafundishwi na miaka arobaini, anafundishwa na wahadhiri waliopo. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru 1961 ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi wawili. Tanganyika siku hiyo haikuwa na chuo cha udaktari hata kimoja, aliyetaka kusoma fani hiyo alikwenda Makerere au ng'ambo, na hakuna kumbukumbu ya ukoo uliogawanyika kwa sababu ya kuwa na vyuo vingi mno. Na ukirudi nyuma zaidi, hapo jirani Urambo, daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society alifika kwa Mtemi Mirambo 1879. Miaka mitatu baadaye risasi ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamvunja mkono, na jeraha hilo likamwua. Shida ya siku ile haikuwa daktari kasomea wapi. Shida ilikuwa kwamba daktari aliyekuwepo Urambo ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Hapa hupingwa, na pingamizi lenyewe si la kipuuzi: Muhimbili ni hospitali ya taifa, kesi za ajabu zinapelekwa huko, mabingwa wa kila kiungo wako huko, mwanafunzi ataona yasiyoonekana kwingine. Kweli. Lakini tuulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu anahitaji kuona nini. Anahitaji malaria kali, kifua kikuu, uzazi uliokwama, mtoto aliyekaukiwa maji, mguu uliovunjwa na bodaboda. Na anahitaji kuyaona mengi, kwa karibu, bila kuchungulia juu ya mabega ya wenzake. Bugando ina vitanda zaidi ya 900 na inapokea rufaa za Kanda ya Ziwa na za kwetu magharibi. Mgonjwa wa Kaliua akishindikana wilayani hupelekwa Kitete, Tabora, na Kitete ikiinua mikono, mara nyingi safari ni ya Mwanza. Kijana akisoma huko atakutana wodini na majirani zake waliotangulia kwa gari la wagonjwa. Kuna atakayeiita hiyo aibu. Mimi naiita maandalizi. Ugonjwa adimu ni mzuri kwa kusimulia, ila dokta wa zamu atakayeshikwa usiku Kaliua hatasumbuliwa na ugonjwa adimu. Atasumbuliwa na wa kila siku uliochelewa kuletwa. Kwa upande wa wodi, basi, naona vyuo hivi viwili vinakaribiana kuliko kikao kinavyotaka kuamini.

Mahali visipokaribiana ni kwenye pesa, nako ndiko kikao kinakokwepa kuangalia, labda kwa adabu. Muhimbili ni chuo cha umma na Bugando ni cha Kanisa Katoliki. Ada ya udaktari kwenye chuo cha umma huweza kuwa nusu ya ile ya chuo kisicho cha umma, au theluthi, au hata chini ya hapo, na tofauti hiyo unaizidisha mara tano. Mzazi wa Kaliua analima tumbaku. Pesa ya tumbaku haiji kila mwezi. Inakuja msimu ukishakwisha, majani yakishapangwa madaraja na mtu ambaye hakuyalima, chama cha msingi kikishakata mbolea na pembejeo nyingine, na kinachobaki hutembelewa na watu wote wanaokumbuka ghafla kwamba ni ndugu. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, inasaidia, na bumu la kujikimu la shilingi 10,000 kwa siku linashibisha anayejua kula mara mbili. Lakini mkopo wa ada usipofika asilimia mia, kipande kinachobaki cha ada kubwa kinaweza kuzidi ada nzima ya chuo cha umma. Kwa hiyo, kwa mtoto wa mkulima asiye na mfadhili, hesabu inaangukia Muhimbili, na mjomba ameshinda kesi kwa ushahidi usio wake. Akitokea mfadhili, iwe jimbo, shirika au ndugu mwenye duka kweli, basi Mwanza inarudi mezani kwa nguvu, maana ni kama nusu ya safari ya Dar, na mwanafunzi anayeweza kurudi nyumbani likizo bila kuuza simu ni mwanafunzi mwenye akili iliyotulia. Treni ya mwendokasi ilianza kubeba abiria Dar hadi Dodoma 2024. Kutoka Dodoma kuja Kaliua tunaendelea kuisubiri kwa uvumilivu wa kimila.

Usiniambie kwamba kijana ana pa kufikia Dar. Kila ukoo wa Kaliua una ndugu Dar, na kila ndugu wa Dar anakaa Chanika au mbele ya Chanika. Raundi ya wodini inaanza asubuhi, daladala inaanza kujaa alfajiri, na foleni haijali kwamba uliyesimama kwa mguu mmoja ni dokta mtarajiwa. Chakula cha bure hulipwa kwa kulea watoto jioni, kusoma maandishi kwenye maboksi ya dawa za mtaa mzima, na kutoa maoni kuhusu presha ya mama mwenye nyumba. Upande wa Mwanza yuko shangazi, naye ameahidi samaki. Sato ni hoja nzuri sana, lakini haina mahali pa kuandikwa kwenye hati ya malipo. Ndugu, kwa maoni yangu, wawekwe kwenye hesabu kama gharama, halafu wakigeuka kuwa msaada iwe faida.

Sasa kuchelewa. Kati ya 2010 na 2017 maombi yalipita mfumo mmoja wa TCU, na mwombaji alipangiwa chuo kimoja, akapenda asipende. Tangu 2017 watu huomba moja kwa moja vyuoni, mmoja huchaguliwa na viwili, vitatu, hata zaidi, na TCU hutoa majina ya hao wenye bahati nyingi na kuwataka wathibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, kabla ya siku ya mwisho. Kwenye simu ipi? Hapo ndipo udaktari wa Kaliua unapougulia. Kijana aliomba akiwa steshenari, karibu na stendi. Nywila ya akaunti anaijua mwenye steshenari, ambaye juzi kasafiri kwa msiba Sikonge. Namba iliyoandikwa ni ya kaka, na laini ya kaka ilizama na simu yake kisimani wakati wa masika. Baruapepe ilifunguliwa siku hiyohiyo na haijafunguliwa tena. Mambo haya yote yanatibika: laini inarudishwa, namba ya siri inaombwa upya, mwenye steshenari atarudi msiba ukiisha. Lakini yanatibika kwa siku kadhaa, na siku hizo ndizo kikao cha ukoo kimezitumia kubishana samaki na pwani. Anayethibitisha mapema hata chuo cha pili kwa ubora, kama kipo, anakwenda kusoma. Aliyechagua kwa hekima kubwa usiku wa mwisho, mtandao ukiwa unazunguka kwenye kioo bila kufika, anabaki na hekima yake.

Wapo wanaosema ashikilie vyote mpaka Bodi ya Mikopo itoe majibu, kwani nafasi haiozi. Naelewa woga huo. Ni woga wa mkulima aliyewahi kuahidiwa bei na kulipwa nyingine. Lakini nafasi inaoza. Asiyethibitisha huondolewa, na hata kabla hajaondolewa, kiti anachokikalia bila kukihitaji kinamnyima mtu wa dirisha la pili la maombi, huenda ni mtoto wa Ulyankulu, wilaya hiihii, mwenye alama zilezile na simu isiyozama. Akishathibitisha kisha akajuta, utaratibu wa kuhama upo: anaomba chuoni, kwa muda uliowekwa, akieleza sababu. Sababu za kusikilizwa ni nyingi, ila sijaona fomu yenye kisanduku cha "shangazi kanuna".