Namna ya Kulinda Wanyamapori Bila Kutoka Jasho

Ndugu mkazi wa Kwakuchinja, wewe unayelala kati ya Hifadhi ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara, umechoshwa na semina za uhifadhi. Mwongozo huu hauhitaji semina wala posho.

Kwanza, chagua shamba. Ushoroba, yaani mapito ya tembo na nyumbu, ni ardhi safi: visiki hakuna, samadi imemwagwa bure. Panda matikiti papo hapo. Tembo mmoja hula hadi kilo 150 kwa siku, kwa hiyo soko limekufuata shambani. Asubuhi ukikuta maganda, shangaa kwa sauti: "Hawa wanyama wametokea wapi?" Bibi wa tembo huyo alipita hapo kabla babu yako hajajenga, ila hati hana.

Pili, lala. Waache majirani wahangaike na kamba zilizotundikwa vitambaa vya oili chafu na pilipili ya kusaga. Kule Sagalla, jirani na Tsavo, Kenya, wakulima wametundika mizinga kila baada ya mita kumi na kuiunganisha kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anakumbuka kuwa ana safari. Mkulima anabaki na mahindi na asali. Tamaa hiyo! Wewe subiri kifuta jasho cha serikali. Kanuni zake za 2011 ziliweka kwamba shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halilipwi kitu, lakini kusubiri ni bure.

Tatu, simba akila ndama, mwaga dawa ya wadudu kwenye mzoga. Atakufa simba, watakufa fisi, na tumbusi kundi zima. Hao tumbusi walikuwa wakimaliza mizoga upesi, hata yenye kimeta, kabla haijaoza karibu na kisima chako. Sasa kazi hiyo ni yako. Wafugaji wa Simanjiro wanachomeka vigingi vya mti unaochipua, wanavifunga wavu wa chuma, zizi linakuwa ukuta unaoota. Hao hawajui raha ya njia ya mkato.

Nne, kitoweo. Bodaboda akibisha hodi saa tano usiku na ndoo iliyofunikwa gunia, uliza bei, usiulize mnyama. Bucha la nyamapori lenye leseni linatoa risiti, na risiti inaharibu ladha. Kesho ukikutana na askari wanyamapori wa kijiji, mpe pole na kazi.

Tano, barabarani. Usiku, kati ya Makuyuni na Minjingu, kanyaga mafuta. Pundamilia huheshimiwa akiwa amechorwa kwenye lami tu.

Sita, mgao. Fedha za Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Burunge zikifika kijijini, uwe wa kwanza kuuliza mbona kidogo. Usipige hesabu. Mtalii analipa amwone tembo, tembo anapita kwenye ushoroba, na ushoroba una matikiti yako.

Saba, mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, uwe na msiba wa mbali.

Hapa kejeli inakwisha. Mpango wa matumizi ya ardhi, unaoamua wapi palimwe, wapi pachungiwe na wapi wanyama wapite, huidhinishwa na mkutano huo, kwa mikono ya wanakijiji. Usipokwenda, ramani itachorwa na waliokwenda. Nenda.