Mkonga wa Kwenda Karema

Nilikuwa uani napepeta mchele gari lilipoingia likivutwa kwa kamba. Baba watoto aliruka chini kabla halijasimama sawasawa, akaja mbio, akanishika mikono miwili na ungo wangu humo humo. "Mama watoto, hili ndilo litakalotufikisha Karema."

Lilikuwa Land Cruiser la mwaka 1994, lile refu la kazi, uzao wa magari ambayo Toyota ilianza kuyatoa mwaka 1984. Watu wa Mpanda tunayajua. Ndiyo yaliyokwenda Katumba na Mishamo miaka yote ya makazi ya wakimbizi wa Burundi, ndiyo yanayoingia porini na askari wa wanyamapori. Hili lilikuwa limetumika mpaka likachoka, rangi imebabuka, kiti cha dereva kimeshonwa kwa kamba ya nailoni. Injini ilikuwa nzima: ya dizeli, lita 4.2, pistoni sita, haina turbo, ile ambayo mafundi wetu wanaifungua na kuifunga hata gizani. Nusu ya bei ilitoka kwenye mahindi yake, nusu kwenye mgao wangu wa kikoba. Nataja hilo kwa sababu gari lilikuwa letu sote wawili, na yaliyofuata yalitupata sote wawili.

Sababu ya kulinunua ilikuwa mama mkwe. Anaishi Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba mkwe, na bati zake zilikuwa zimeoza kwa kutu. Kila masika anahamisha kitanda kutoka pembe moja ya chumba kwenda nyingine akikwepa matone. Tulikuwa tumemwahidi paa jipya miaka miwili mfululizo, na kila tukiulizia lori la kukodi kwa barabara ile, wakati huo ya udongo mtupu, bei ilituzidi. Kwa hiyo tulisema: tutapata gari la kuvuta tela, tutapeleka bati na saruji wenyewe, na mzigo ukiisha gari litabaki la kutembelea na wajukuu wake. Watoto wetu wamezaliwa mwendo usiofika kilomita 40 kutoka Sitalike, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoko tangu 1974, lakini kiboko walikuwa wamemwona kwenye kitabu cha shule tu. Hilo lilinikera kuliko bati.

Matengenezo yalianza, na yalianza na vile vinavyoonekana. Kwanza mkonga. Gari la namna hii huku kwetu linaitwa mkonga kwa sababu ya lile bomba linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele, injini ivute hewa juu ya usawa wa maji na vumbi. Letu halikuwa nao, na Baba watoto aliliona kama mtu aliyekatwa sikio. Fundi alichora tundu kwa kipande cha boksi la sabuni, akalibandika kwenye bodi, akakata. Yule bwana wangu alisimama pale akishika taa, mkono unamtetemeka kila cheche ikiruka, maana bati la gari ukishalikata halirudi. Halafu likaja keria la juu, la kuchomelea, zito kiasi cha kubebwa na watu wanne. Halafu taa nne za mbele. Uani kukawa gereji: beseni langu la kufulia likakaa na oili chafu, kuku akaatamia ndani ya tairi la akiba, na meza ya kulia ikalala wiki nzima na beringi zilizofungwa kwenye gazeti. Sikukasirika. Nilikuwa nikipika naangalia kazi inavyosonga, na ilinipa raha.

Siku moja baba mkubwa, kaka yake marehemu baba mkwe, alikuja kutazama. Ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Karema. Akakaa kwenye kigoda, akautazama ule mkonga, akasema hii si mara ya kwanza mkonga kupelekwa Karema na mizigo. Akatusimulia habari za mwaka 1879, Wabelgiji walipoweka kituo chao pale Karema. Mfalme wao, Leopold, aliagiza tembo wanne kutoka India, wakiwa na watu wao wa kuwaongoza, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam ili waje mpaka ziwani na shehena, badala ya wapagazi. Ni mmoja tu aliyefika Karema, naye hakuishi sana. Waliobaki walianguka njiani. Walioandika habari zao wanataja mizigo mikubwa mno na malisho haba. Kiongozi wa msafara, Carter, aliuawa mwaka uliofuata akiwa njiani kurudi pwani, huko Pimbwe, ambako leo ni mkoa wetu wa Katavi.

Kisha baba mkubwa akauliza: "Na hili litavuta kilo ngapi?"

Fundi akamtazama Baba watoto. Baba watoto akanitazama mimi. Hakuna aliyekuwa na jibu, na tukaendelea kufunga taa.

Tela lilitengenezwa kwa ekseli ya pikapu ya zamani. Springi za nyuma za gari ziliongezwa mapande mawili kila upande ili zisilale, na bila mzigo likawa linarusha watu kama punda asiyetaka kupandwa. Rejeta ilifunguliwa ikasafishwa, na hilo nalishukuru mpaka leo, kwa sababu injini ile ikivuta mzigo mlimani na rejeta imeziba, mshale wa joto unapanda huku unautazama. Tela halikuwa na breki. Fundi alisema gari lina breki za kutosha mawili yote. Tukamwamini kwa sababu tulitaka kumwamini. Ilikuwa katikati ya Novemba, mawingu yameanza kukusanyika, na kitanda cha mama mkwe kilikuwa kinangoja kuanza safari zake za chumbani.

Tulipakia alfajiri. Bati 30 zilitandikwa kwenye sakafu ya tela, na mifuko 20 ya saruji ikarundikwa mwishoni, karibu na mlango wa nyuma, kwa sababu ndiko wapakiaji walikofikia kirahisi. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo saruji peke yake ilikuwa tani nzima, na tela lenyewe na bati vilikuwa juu ya hiyo. Ningeweza kuipiga hesabu hiyo kwa vidole nikiwa nimekaa jikoni. Watoto wawili wakubwa walikaa nyuma na mimi, kitinda mimba mapajani.

Mpaka tunaanza kushuka kuelekea ziwani, mambo yalikuwa mazuri. Mpanda iko juu, ziwa liko mita 773 tu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo njia lazima ishuke. Kwenye mteremko wa kwanza mrefu nilihisi makalio ya gari yanavutwa kushoto, yakarudi kulia, yakavutwa tena, kila mara kwa nguvu zaidi. Nikageuka nikaona tela linacheza kama mkia wa mjusi. Baba watoto alikanyaga breki, likazidi. Binti yetu mkubwa alipiga kelele, "Baba, acha breki!" Sijui nani alimfundisha. Baba yake aliachia, akashikilia usukani, akaiacha gia ndogo ilishike gari, na tela likatulia taratibu huku kokoto zikirukia bondeni. Tuliposimama, hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Nilimwona akipangusa viganja kwenye suruali, tena na tena.

Tatizo lilikuwa lile rundo la nyuma. Tela ni kama mizani ya watoto ya kupanda na kushuka: ukiujaza mkia, pua inataka kunyanyuka, na pua ikinyanyuka inalinyanyua gari pale pale linapotakiwa kushika ardhi. Tulihamisha mifuko kumi kuileta mbele, sisi na vijana watatu waliokuwa wakipita na mizinga yao ya nyuki, na safari ikaendelea bila kuyumba.

Kisha mto. Si mto wenye jina kubwa, ni kijito ambacho wakati wa kiangazi unakivuka kwa ndala. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko na maji yalifika mapajani, na lori mbele yetu lilikwama katikati. Tukangoja nyuma yake, magurudumu ndani ya maji, karibu robo saa. Mkonga ulifanya kazi yake. Injini haikukohoa hata mara moja, na Baba watoto alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mteremkoni. Lakini tulipotoka, baada ya kilomita chache, mlio ukaanza chini, mwembamba, kama wa mbu aliyeingia sikioni.

Pale Ikola fundi wa kijijini alilala chini ya gari akafungua nati ya difu ya nyuma. Kilichotoka hakikuwa oili. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kizito, na harufu ya mto. Akatueleza akiwa bado kalala chali, na maelezo yake sijayasahau. Difu ikivuta mzigo inapata moto, hewa iliyo ndani inavimba na kutoka. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa inasinyaa na difu inataka kuvuta pumzi. Ina kidude kidogo cha kupumulia juu ya ekseli. Chetu kilikuwa kimezibwa na matope ya miaka. Ilipokosa hewa ikanywa maji kupitia kwenye sili. "Mmeipa injini mkonga," alisema, "difu mmeiziba pua."

Bodaboda ilikwenda kutafuta oili namba 90. Tukalala Ikola, kwa watu wema ambao hawakutudai hata senti ya chakula. Na usiku ule nilikumbuka saruji. Maji ya kijito yalikuwa yamepita juu ya sakafu ya tela, na mifuko ya chini ilikuwa imekunywa.

Asubuhi mama mkwe alifika kwa bodaboda. Alikuwa ameambiwa kwa simu na hakutaka kungoja. Alikuja na migebuka ya kukaanga ndani ya kikapu, imefunikwa kwa khanga, akawapa watoto kwanza, kisha akaenda kwenye tela. Akagonga mfuko kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama mlango. Akagonga wa pili, wa tatu. Mifuko 11 ilikuwa imekuwa mawe.

"Bati zimepona?" aliuliza.

"Zimepona, mama."

"Basi paa lipo. Sakafu nimeizoea ya udongo."

Baba watoto aligeuka akatazama ziwani, na mimi nilimwacha.

Paa liliezekwa wiki ile ile. Tuliporudi Mpanda tulifanya yale tuliyopaswa kuanza nayo. Keria lilishushwa, likauzwa kwa mwenye basi dogo. Kila kidude cha kupumulia, difu ya mbele, ya nyuma na gia boksi, kilifungwa mpira mwembamba uliopandishwa mpaka juu karibu na injini. Mipira yote ilitugharimu chini ya bei ya taa moja. Tela likawekewa breki zake: ndoano ina springi, na tela likilisukuma gari kwenye mteremko, ndoano inarudi nyuma na kuuvuta waya wa breki. Kisha tukalipeleka kwenye ghala la mahindi, kwenye mizani ya magunia, tukaliegemeza pua lake juu ya jukwaa. Tukapanga mzigo kama ulivyokuwa siku ile: kilo 35. Tukausogeza mbele kidogo kidogo, fundi akisoma namba kwa sauti, mpaka ikafika 140. Tela zima na mzigo wake lilikuwa kama kilo 1,400, na moja ya kumi ndiyo inayotakiwa kukaa kwenye ndoano. Baba mkubwa alikuwapo. Alisikia jibu la swali lake, akatikisa kichwa, akaondoka na fimbo yake.

Mwezi wa nane tulikwenda tena Karema na mifuko 20 mingine. Sakafu ya mama mkwe sasa ni ya saruji, laini, anaifagia mara mbili kwa siku. Tulirudi naye Mpanda, na kesho yake tukampeleka Sitalike. Kiangazi kilikuwa kimekaza, mto Katuma umepungua, viboko wamesongamana kwenye matope wakipandiana migongo, na watoto walimshika bibi yao kila mmoja upande wake. Alitazama kwa muda. Akasema wanafanana na wanawake wa Karema wakingojea mitumbwi ya dagaa, na watoto wakacheka mpaka mbung'o wakawauma bila wao kujua.

Ile mifuko 11 hatukuitupa yote. Mmoja uko uani kwetu, karatasi imeshaoza, jiwe limebaki na umbo la mfuko. Tunaliweka nyuma ya tairi la tela kila tunapoliegesha.